Mtoto ana kizuizi cha mkojo: mwongozo wa mzazi wa Tanga, toka kipimo cha kwanza hadi mrija wa ndani kutolewa

"Figo imejaa maji." Maneno matatu kwenye karatasi ya ultrasaundi, na mzazi anatoka chumbani kichwa kinamzunguka. Maswali yanayofuata ni yaleyale. Atapasuliwa? Mbona wanamwekea mpira wa kutoa mkojo kwanza badala ya kumpasua leo? Kama ni upasuaji wa kamera kwa matundu madogo tu, kwa nini tulazwe? Ule mrija walioacha ndani unatoka wenyewe? Na huko nyumbani shangazi keshasema mtoto anyweshwe madafu, mkojo utafunguka.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi aliyeko Tanga mjini, Muheza, Pangani, Mkinga au Korogwe. Dozi na uamuzi wa kupasua ni vya daktari. Yaliyomo humu ni yale ambayo mzazi asipoyajua, mambo huharibika njiani.

Haya hayasubiri kusoma. Nenda hospitali sasa hivi:

- Kichanga hajakojoa kabisa na saa 24 zimepita tangu azaliwe.
- Mtoto yeyote hajakojoa kwa saa 12, na chini ya kitovu pamevimba na kukaza.
- Mtoto wa chini ya miezi mitatu ana homa ya nyuzi 38 au zaidi.
- Anatapika mfululizo, amelegea, amekataa kunyonya.

Kizuizi kiko wapi

Figo hutengeneza mkojo. Mkojo hushuka kwa mrija mmoja kila upande, uitwao ureta, hadi kwenye kibofu, kisha hutoka nje kwa mrija wa mwisho, urethra. Ni muhimu ujue kizuizi cha mwanao kiko sehemu gani, maana haraka yake na upasuaji wake hutofautiana.

Kizuizi cha chini ni vijiwambo ndani ya urethra, madaktari huviita valvu. Huwapata wavulana tu, nao huzaliwa navyo. Mkojo ukikwama hapo, kibofu na figo zote mbili huumia kwa pamoja. Hii ni dharura ya siku, si ya mwezi. Upasuaji wake hauna mkato wowote wa nje, kwa kuwa kamera nyembamba huingia kwa tundu la mkojo lenyewe.

Kizuizi cha juu kiko pale figo inapoungana na ureta. Huwapata wavulana na wasichana, na mara nyingi ni upande mmoja. Hapa kwa kawaida kuna wiki, hata miezi, ya kupima na kupanga. Watoto wengi walioonekana tumboni mwa mama kuwa figo zimejaa maji kidogo hupona bila kuguswa, kwa hiyo ukiambiwa "tumuangalie, rudi baada ya miezi mitatu" usidhani umepuuzwa.

Kipo pia cha kati, ureta inapoingia kwenye kibofu. Wakati mwingine mwisho wa ureta huvimba kama puto dogo, nalo hutobolewa kwa kamera. Kwa mtoto wa umri wa shule wa ukanda huu wa pwani usisahau kichocho. Minyoo yake huweza kukaza ureta, na dalili yake ya mwanzo ni damu mwishoni mwa mkojo. Hicho hupimwa na kutibiwa kwa prazikwanteli kabla ya habari ya kisu. Mvulana akikojoa damu, msiseme anabalehe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya kliniki na karatasi zote za ultrasaundi, hata zile za ujauzito. Kama mama aliwahi kuambiwa maji ya uzazi ni machache, hilo lisemwe.
- Uzito wa mtoto wa wiki hii. Dozi zote hupigwa kwa kilo, na uzito wa miezi miwili iliyopita kwa kichanga ni wa mtoto mwingine kabisa.
- Video ya simu ya mtoto akikojoa, kuanzia tone la kwanza hadi la mwisho.
- Daftari na mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Fomu ya rufaa yenye saini na muhuri, pamoja na bima kama ipo. Kama huna uwezo, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kulazwa, siyo siku ya kuruhusiwa.
- Mfuko wa plastiki unaofunga, wa kuwekea karatasi hizo. Zipige picha karatasi zote, umtumie na baba au ndugu mmoja.
- Nepi saizi mbili (ya mtoto, na moja kubwa zaidi; utaona kazi yake), khanga tatu, kipima joto.
- Mtu mzima mmoja wa kuchangia damu. Mara nyingi haitahitajika, lakini huenda ukaulizwa.

Hatua ya 1: Angalia mkojo wenyewe

Mvulana mzima hukojoa kwa mruko; hata kichanga hukulowesha kifuani unapombadilisha. Mwenye valvu mkojo hudondoka, hukatika, au hutoka baada ya kujikamua huku uso umekuwa mwekundu na anaguna. Mguse chini ya kitovu akishamaliza. Ukikuta donge la mviringo linaloteleza kama embe dodo chini ya ngozi, kibofu bado kimejaa.

*Kosa la kawaida:* "Nepi yake mbichi kutwa, huyu hajaziba." Pipa likijaa humwagika ukingoni hata kama bomba limeziba. Mkojo unaodondoka muda wote bila mruko ni sababu ya kwenda kupima, siyo ya kutulia.

Kuhusu daftari: pima nepi au winda ikiwa kavu, ipime tena ikiwa mbichi, toa. Kila gramu moja iliyozidi ni mililita moja ya mkojo. Mtoto mwenye afya hukojoa kama mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo kila saa. Wa kilo 4, basi, ni kati ya mililita 96 na 192 kwa siku nzima. Andika siku mbili mfululizo. Daktari akiona jedwali hilo anaokoa nusu saa ya maswali.

Hatua ya 2: Dai vipimo vitatu, siyo dawa

Mtoto anapata homa, anapimwa mkojo, anaambiwa ni U.T.I., anapewa chupa ya dawa. Baada ya wiki tatu homa imerudi, na chupa nyingine inatolewa. Hapa ndipo miezi inapotea. Mtoto mdogo aliyepata maambukizi ya mkojo yaliyothibitishwa anastahili kupigwa picha ya figo. Sema hivi, kwa adabu na bila kuzunguka: "Sista, naomba mtoto apigwe ultrasaundi ya figo zote mbili na kibofu, kabla na baada ya kukojoa, na apimwe kreatinini."

*Mkojo.* Mkojo wa kwenye mfuko wa kubandika huchafuliwa na ngozi, na mara nyingi huonyesha wadudu wasiokuwepo. Mkojo mzuri unakingwa ukiwa unatoka. Kwa kichanga: mnyonyeshe, subiri dakika kama 20, msafishe kwa maji, kisha msugue taratibu chini ya kitovu kwa shashi iliyoloweshwa maji baridi, ukizungushazungusha. Karibu mmoja kati ya watatu hukojoa ndani ya dakika tano. Mwenzio awe ameshika kikopo tayari, maana onyo hutapata.

*Ultrasaundi.* Kwa kichanga ambaye tatizo lilionekana kwenye ujauzito, picha ya siku ya kwanza huweza kudanganya kwa sababu bado hajaanza kukojoa vya kutosha. Ndiyo maana hurudiwa baada ya saa 48. Ila kama ni mvulana na kibofu kimejaa, hakuna kusubiri.

*Kreatinini.* Ni takataka ya damu inayopaswa kutolewa na figo. Ikipanda, figo zinashindwa. Mambo mawili huchanganya watu. La kwanza, siku mbili za mwanzo namba ya kichanga ni ya mama yake, si yake. La pili ni vipimio. Maabara moja huandika kwa mikromoli, nyingine kwa miligramu, na 0.8 ya miligramu ni takriban 70 ya mikromoli. Zidisha miligramu kwa 88.4 ndipo ulinganishe. Mzazi asiyejua hili huweza kulia bure, au kufurahi bure.

Hatua ya 3: Mkojo umwagwe kwanza

Kama ni valvu, jambo la kwanza hospitali ya kwanza inapaswa kufanya ni kupitisha mpira wa mkojo. Haihitaji kusubiri Dar wala Moshi. Kwa kichanga hutumika ule mpira mwembamba wa kulishia watoto, namba 5 au 6, wenye unene wa kama milimita mbili, ukabandikwa kwa plasta. Mpira wenye puto hauchaguliwi kwanza. Puto hukera kibofu ambacho ukuta wake umeshanenepa, na huweza kuziba midomo ya ureta, ukajikuta umefungua chini na kuziba juu.

Sasa jibu la "mbona hawapasui leo". Mtoto aliyeziba anaweza kuwa na potasiamu (aina ya chumvi ya damu) ya juu, damu yenye tindikali nyingi na maambukizi. Kumtia nusu kaputi katika hali hiyo ni hatari kuliko valvu zenyewe. Siku chache za mpira, dripu na dawa ya sindano humrudisha kwenye mstari. Upasuaji ukisogezwa kwa sababu hiyo, ni kazi nzuri inafanyika.

Mpira ukishafungua, mkojo huweza kumwagika mara kadhaa ya kawaida kwa siku moja au mbili. Figo zilizokuwa zimebanwa hupoteza maji na chumvi ovyo. Waambie wauguzi kila unapobadilisha nepi nzito ili dripu ilingane na kinachotoka.

*Onyo la pwani: madafu.* Dafu lina potasiamu nyingi, na figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Potasiamu ikipanda sana moyo husimama. Mtoto mwenye kizuizi na kreatinini ya juu hapewi dafu, hata kijiko, mpaka daktari aseme damu iko sawa. Shangazi ana nia njema, mweleze hivyohivyo. Mitishamba ya "kufungua mkojo" nayo ikae kando.

Hatua ya 4: Rufaa, na swali moja la kuuliza

Kutoka zahanati au kituo cha afya utafika hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Kutoka hapo familia za Tanga huelekezwa KCMC, Moshi, ambayo ndiyo hospitali ya kanda ya kaskazini, au Muhimbili, Dar es Salaam.

Kabla hujapanda basi, muombe daktari anayeandika rufaa apige simu kuuliza: je, kamera ya saizi ya mtoto ipo na inafanya kazi wiki hii? Kuwepo kwa daktari wa mkojo hakumaanishi kifaa kipo. Kamera ya kichanga ina unene wa kama milimita 2.5 hadi 3, karibu na kijiti cha mshikaki. Ya mtu mzima haipiti.

Kama urethra ni nyembamba mno au kamera haipo, kuna njia ya kati. Kibofu hufunguliwa tundu dogo chini ya kitovu, mkojo ukatiririkia kwenye nepi kwa miezi kadhaa, mtoto akanenepa, kisha valvu zikakatwa na tundu likafungwa. Siyo kushindwa. Na kwa kizuizi cha juu cha mtoto mchanga, mkato mdogo wa ubavuni kwa mkono uliozoea una matokeo mazuri sawa na kamera. Ukisikia daktari anasema "huyu nitamfungua kidogo," usimkimbie kwa sababu umesoma habari za matundu madogo.

Hatua ya 5: Safari na mpira

Iwe Dar au Moshi, kutoka stendi ya Kange ni takriban kilomita 350, na njia ni moja hadi Segera. Mtoto mkubwa mwenye mfuko wa mkojo: mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote. Usiuweke kwenye kiti wala mapajani, na usiufunge kwenye kamba ya begi juu. Mfuko ukipanda, mkojo mchafu unarudi ndani. Mwaga mkojo kabla ya kuondoka na basi linaposimama, Segera au Korogwe kwa wa Moshi, Segera na Chalinze kwa wa Dar. Andika kiasi.

Kwa kichanga tumia nepi mbili. Ya ndani imkae kawaida; ncha ya mpira ipitishwe itokee kwenye nepi kubwa ya nje. Hivyo kinyesi hakigusi mpira, na ukipapasa nepi ya nje unajua kama mkojo unashuka. Nepi ya nje ikikaa kavu kwa masaa mawili, fungua uangalie kama mpira umekunjika.

Hatua ya 6: Vipimo vya mwisho

Kwa valvu kuna picha ya kibofu. Dawa inayoonekana kwenye eksirei hujazwa kwa mpira, mtoto anakojoa huku anapigwa picha. Haihitaji usingizi wala kufunga kula. Atalia, mshike mikono na umuongeleshe.

Kwa kizuizi cha juu huweza kuhitajika kipimo cha nyuklia kinachoonyesha kila figo inabeba asilimia ngapi ya kazi, na mkojo unashuka kwa kasi gani baada ya sindano ya kuongeza mkojo. Figo yenye chini ya asilimia 40, au inayozidi kushuka, ndiyo inayosukuma uamuzi wa kupasua. Ukiwa Dar unaweza kuandikiwa kwenda kitengo cha nyuklia cha Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jina lisikutishe, mashine ziko huko, na mwanao hana saratani.

Hatua ya 7: Usiku wa kabla

Hesabu za kufunga kula zikikosewa, operesheni huahirishwa bila sababu ya maana. Kama zamu yake ni saa mbili asubuhi:

1. Uji, chakula, maziwa ya ng'ombe au ya kopo: mwisho saa nane usiku, yaani masaa sita kabla.
2. Maziwa ya mama: mwisho saa kumi alfajiri, masaa manne kabla.
3. Maji matupu: mwisho saa kumi na mbili asubuhi, masaa mawili kabla.

Weka alamu, umwamshe umnyonyeshe saa kumi. Kichanga hafungi tangu jioni kama mtu mzima. Sukari yake hushuka. Kikohozi kipya au homa ya usiku huo, sema, hata kama umesubiri zamu wiki mbili.

Kwenye fomu ya ridhaa hakikisha umeelewa mambo matatu: upande upi, kama wataacha mrija ndani, na kwamba kamera ikishindwa wanaruhusiwa kufungua kawaida. Kama mwanao hajatahiriwa, uliza hapohapo kama tohara inaweza kufanyika ndani ya usingizi uleule. Kwa wenye valvu tohara hupunguza maambukizi. Lakini haiondoi valvu, na mruko dhaifu hautibiwi kwa ngariba.

Hatua ya 8: Kinachofanyika ndani

*Valvu.* Mtoto amelala kabisa. Kamera inapita kwenye urethra, maji yanatiririka ili kuona, na kijiwambo kinakatwa kwa kisu kidogo, umeme au leza. Ukiichukulia urethra kama uso wa saa, mikato hupigwa kwenye namba 5 na 7, na pengine 12. Kazi yenyewe mara nyingi haifiki saa nzima. Mpira unarudishwa kwa siku moja au chache.

*Kizuizi cha juu.* Matundu matatu, mara nyingine manne, ya milimita 3 hadi 5, moja likiwa kitovuni. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksaidi ili kupata nafasi. Kipande chembamba kinakatwa, ureta inaungwa upya na figo kwa nyuzi nyembamba kama unywele, na mrija laini uitwao stenti unaachwa ndani, kichwa kimoja figoni na kingine kibofuni, ulinde mshono. Hii huchukua saa mbili hadi tatu au zaidi. Matundu ni madogo, ila mshono wa ndani ni uleule wa operesheni ya wazi. Ndiyo sababu mnalazwa.

Hatua ya 9: Saa 48 za kwanza

Mkojo wa rangi ya juisi ya rozela iliyozimuliwa ni wa kawaida. Mabonge ya damu au damu nzito, ita muuguzi. Aliyejazwa hewa huweza kulalamika bega linauma ingawa hakuguswa begani. Ni hewa iliyobaki, huisha kwa siku moja au mbili.

Maumivu: parasetamoli miligramu 15 kwa kilo kila baada ya masaa sita. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 150, yaani kama mililita 6 za ile dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5. Soma chupa yako, zipo za nguvu tofauti, na kwa chini ya miezi mitatu muulize daktari kwanza. Usimpe ibuprofeni wala diklofenaki; zinaumiza figo. Ukifika duka la dawa lolote kwa ugonjwa wowote, sentensi ya kwanza iwe "huyu ana tatizo la figo."

Akilia ghafla huku amekunja miguu, kisha akatulia, kisha akarudia, huo ni mkazo wa kibofu. Kuna dawa yake. Parasetamoli peke yake haitoshi.

Hatua ya 10: Nyumbani

Oga ya maji yanayomwagwa inaruhusiwa baada ya siku mbili tatu. Beseni na bahari zisubiri vidonda vifunge. Matundu ya tumbo hayapakwi kitu. Dawa ya kila usiku ya kuzuia maambukizi, kama ameandikiwa, haiachwi kwa sababu "amepona." Choo kigumu hubana kibofu, kwa hiyo maji, papai na mboga za majani kwa aliyeanza kula. Mtoto mkubwa akojoe kila baada ya masaa mawili au matatu hata kama hajabanwa, asubiri dakika chache, kisha ajaribu tena.

Hatua ya 11: Mrija wa ndani utolewe

Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na madhara yake ni mabaya kuliko yote. Stenti kwa kawaida hukaa wiki 4 hadi 6. Haiyeyuki. Haitoki yenyewe. Hutolewa kwa kamera, mtoto akiwa amelala tena, isipokuwa kama waliacha uzi nje. Mtoto hachoki, hana homa, anacheza mpira Usagara, mzazi anaona nauli ya kurudi Dar ya nini? Baada ya miezi kadhaa mrija unaota mawe juu yake, unakwama, na kuutoa kunakuwa operesheni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kabla ya kuruhusiwa, muulize daktari: "Ameachiwa mrija ndani?" Kama ndiyo, tarehe ya kuutoa iandikwe kwa kalamu nyekundu mbele ya kadi ya kliniki, na iingie kwenye simu mbili za watu wazima wawili. Nauli ya safari hiyo itengwe kabla ya kuondoka hospitali.

Hatua ya 12: Kliniki za kurudi

Mwenye valvu: picha au kamera ya kuhakiki kama baada ya miezi mitatu, maana mabaki ya kijiwambo hutokea na hukatwa tena. Kreatinini, shinikizo la damu, uzito na urefu kila ziara. Kreatinini ya chini kabisa ndani ya mwaka wa kwanza ni dokezo kubwa: ikishuka chini ya 70 kwa mikromoli, matumaini ni mazuri. Kufuatiliwa ni hadi ukubwani, kwa sababu kibofu kilichosukuma ukuta kwa miezi tumboni mwa mama hakirudi laini kwa siku moja.

Aliyeungwa ureta: ultrasaundi miezi michache baada ya stenti kutoka, kisha kwa ratiba ya daktari. Vipimo vingi vya katikati huweza kufanyika hapahapa Tanga, majibu yakatumwa. Omba ratiba hiyo kwa maandishi.

Mambo yakienda kombo

*Mpira hautoi mkojo kwa saa mbili.* Angalia mkunjo, angalia mfuko uko chini, mgeuze mtoto ubavu. Bado? Hospitali. Usisukume maji ndani kama hukufundishwa.

*Mkojo unapita pembeni ya mpira.* Ama umeziba, ama ni mkazo wa kibofu. Kama ndani ya mpira bado unashuka na mtoto hana homa, toa taarifa siku hiyo. Kama haushuki, nenda sasa.

*Mpira umechomoka.* Usiurudishe. Kabla ya upasuaji wa valvu ni dharura. Baada ya upasuaji, mwangalie akikojoa: akikojoa kwa mruko, piga simu wodini. Akishindwa kwa masaa manne, nenda.

*Ana stenti, anakojoa kila mara, ubavu unauma akikojoa.* Mkojo unapanda kidogo kupitia mrija. Husumbua lakini si hatari. Akojoe mara nyingi na aongeze maji kwa kiasi alichoruhusiwa. Homa ya nyuzi 38 ikiingia hapo, mambo yamebadilika: hospitali siku hiyohiyo.

*Tarehe ya stenti imepita.* Nenda wiki hii. Hakuna atakayekufukuza, na kila wiki inahesabika.

*Ultrasaundi ya baada ya upasuaji bado inasema figo imejaa maji.* Mfuko wa mkojo ulio ndani ya figo, ukitanuka kwa muda mrefu, hurudi polepole, mwingine haurudi kabisa hata kama njia iko wazi. Linganisha milimita za picha ya zamani na mpya, zote mbili mkononi. Zikipungua au kubaki palepale, tulia. Zikiongezeka, rudi kwa aliyempasua.

*Mruko ulikuwa mzuri, sasa umedhoofika tena.* Inaweza kuwa mabaki ya valvu au kovu kwenye urethra. Piga video, itume au uibebe, usisubiri tarehe ya kliniki.

*Ana miaka sita, alikatwa valvu, bado analoa mchana na kitandani.* Usimchape wala usimpe jina la kikojozi mbele ya wenzake. Kibofu chake huenda hakijui kujaa au hakimalizi, na figo zake huenda zinatoa mkojo mwingi mwepesi. Rudia daftari la siku mbili, safari hii ukipima kila anachokunywa na kila anachokojoa, uende nalo kliniki.